Majina ya Wapiga Kelele

Enzi zetu, kujua kama darasa halina mwalimu hukuhitaji kuchungulia dirishani. Ulisimama tu barabarani ukasikiliza. Shule yetu ilikuwa mtaa wa Gerezani, imebanwa katikati ya gereji na maduka ya spea, mafundi wakigonga mabati kutwa, na bado kelele zetu ziliwashinda. Dawati la watu wawili tulikaa wanne. Asubuhi ulibeba fagio la chelewa na kidumu cha maji, mfukoni una hela ya mihogo. Na mihogo yenyewe! Mama muuzaji aliipasua katikati, akaijaza kachumbari na pilipili mpaka kamasi zinakutoka, na kengele ikilia unameza bila kutafuna usije ukafungiwa nje.

Mimi nilikuwa monita wa darasa la nne. Wenzangu wa rika langu mnaujua uzito wa cheo hicho. Mwalimu akitoka unabaki na kalamu na karatasi, unaandika majina ya wapiga kelele. Anayerudia unamwekea mkasi, yaani alama ya X, mbele ya jina, na kila mkasi ni fimbo moja. Nilikuwa mnoko, nakiri. Niliwahi kumwandika binamu yangu kwa kupiga chafya.

Mwaka huo akaletwa Mwanaidi. Mama yake aliuza nazi sokoni Kariakoo, na alimleta mwenyewe mpaka mlangoni, kanga imefungwa kiunoni kikazi. "Mwalimu, mwanangu hasikii, ila si mjinga," alisema mbele yetu sote. "Naomba umweke mbele." Mwalimu Mushi, mama wa Kichagga mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani, akamweka mbele kweli, pembeni yangu. Kisha akageukia ubao na kuendelea kufundisha akiwa ametupa mgongo, kama kawaida yake.

Hatukuwa na ubaya na Mwanaidi, ila ujinga tulikuwa nao mwingi. Siku ya kwanza, wakati wa mapumziko, tulicheza naye kombolela. Akajificha nyuma ya pipa la maji, mchezo ukaisha, kengele ikalia, tukaingia darasani, na hakuna aliyekumbuka kwamba yeye kengele haisikii. Tulimkuta baada ya kipindi kizima, bado amechuchumaa, anatabasamu kwa ushindi. Alipoelewa kilichotokea alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona aibu, na nikaamua kwamba lazima tujue namna ya kumwambia mambo.

Hapo ndipo mikono ilipoanza. Yeye alikuja na ishara alizotumia na mama yake sokoni, hasa za namba, sisi tukaongeza za kwetu. Mwalimu Mushi alikuwa kidole kinachosukuma miwani. Mwalimu mkuu alikuwa mkono unaozunguka kitambi. Mihogo ilikuwa kupasua kiganja katikati. Mimi, kwa ajili ya ile karatasi yangu, nikawa kidole kinachoandika kiganjani, na kwa Mwanaidi sikuwa na jina jingine.

Baada ya wiki chache darasa lilitulia ajabu. Mwalimu akitoka, naketi na karatasi yangu, na karatasi inabaki nyeupe. Si kwamba watu waliacha umbea! Habari za mpira, za sinema, za nani kapigwa na mama yake, zote zilikuwa zinaruka kwa mikono kutoka dawati hadi dawati. Mpiga kelele asiye na sauti nimwandikeje? Tena na mimi nilikuwa humo humo. Mwalimu mkuu akatusifu mstarini kwamba darasa la nne ni mfano wa nidhamu, nasi tukamcheka kwa vidole.

Lakini Mwanaidi alikuwa anazama. Kila asubuhi tulianza na hesabu za kichwa: mwalimu anapita katikati ya madawati akisoma maswali kumi kwa sauti, sisi tunaandika majibu tu. Mwanaidi aliandika namba yoyote iliyomjia, akapata sifuri kila siku. Mwalimu mkuu akamwita mama yake. Ukuta kati ya ofisi yake na darasa letu haukufika juu, kwa hiyo tulisikia kila neno: mtoto akimaliza muhula na sifuri hizi, amchukue akakae nyumbani. Mama yake akasema, "Sawa, mwalimu," akarudi kwenye nazi zake. Mwanaidi pekee ndiye ambaye hakusikia, akaniuliza kwa mkono kwa nini nalia.

Kesho yake, mwalimu alipoanza kusoma maswali, mikono yangu ilianza yenyewe chini ya dawati. Kumi na saba, ongeza tisa, toa nne. Mwanaidi akaandika papo hapo. Mtoto wa sokoni yule, namba zilikuwa zake tangu anatambaa.

Madaftari yaliporudi, Mwanaidi alikuwa na kumi, mimi nina mbili.

"Monita, simama," alisema Mwalimu Mushi. "Umempa Mwanaidi majibu?"

Nikasimama. Kama angeamini hivyo, Mwanaidi angeondoka siku ileile, tena kwa jina la mwizi.

"Hapana, mwalimu. Nimempa maswali."

"Unataka nikuamini?"

"Mwalimu, ningempa majibu ya wapi, na mimi nina mbili?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliniita mbele, akaniandikia maswali matano kwenye karatasi, akampa Mwanaidi chaki na kuwaamuru wengine walaze vichwa. Nikasema kwa mikono, yeye akaandika ubaoni. Matano yote sahihi. Mwalimu Mushi alivua miwani, akaifuta muda mrefu, kisha akaenda kumwita mwalimu mkuu.

Mzee yule alitaka swali lake mwenyewe: mia moja arobaini na nne, gawa kwa kumi na mbili. Nikaganda. Ishara ya kugawa hatukuwa nayo! Nikatazama kiganja changu, nikakipasua katikati kama muhogo. Mwanaidi alicheka, akageuka, akaandika kumi na mbili.

"Kumbe mna ishara zenu! Na mimi mnaniitaje?" aliuliza mwalimu mkuu. Sote tukatazama sakafu. Nilimtafsiria Mwanaidi swali nikiomba asijibu, naye bila hofu akazungusha mkono tumboni. Mwalimu mkuu alijitazama kitambi, akaanza kucheka yeye kwanza. "Basi abaki," alisema.

Mwalimu Mushi akajifunza ishara zetu, akaacha kuuhubiria ubao. Hata sisi wenye masikio tukaanza kumwelewa.

Leo nasikia kuna walimu waliosomea lugha ya alama, na nafurahi, maana Mwanaidi alipokuja kuisoma vizuri aliniambia nusu ya ishara zetu zilikuwa upuuzi mtupu. Ila vijana wa siku hizi nawaonea huruma. Mwanangu ananitumia ujumbe wa sauti kutoka chumbani kuuliza kama ugali umeiva, macho kwenye simu. Sisi tulinyamaza tukitazamana usoni, na ninaukumbuka sana ule ukimya.

Juzi nilikwenda naye Kariakoo. Vipaza sauti vya wauzaji vinapambana kila upande, mwanangu ananipigia kelele sikioni na simsikii. Ng'ambo ya barabara, mlangoni pa duka lake la nazi na viungo, alisimama Mwanaidi. Tukaongea pale pale, watu na mikokoteni ikipita katikati yetu: afya, watoto, magoti yanayouma. Nilisimulia mpaka mikono ikachoka. Yeye akanitazama, akatikisa kichwa, akafungua kiganja chake na kuniandika jina. Halafu akaongeza mkasi.