Kisanduku cha Siku Mbili

Bi Nyaya hatulii. Nimefanya naye kazi miaka tisa katika kampuni hii ya bima, mimi nikiwa mtunza stoo wa ghorofa ya tatu na yeye fundi wa kompyuta wa jengo zima, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Hunywa huku anatembea, hukiacha kikombe juu ya kabati la mtu, kisha huja kuniuliza mimi kama nimekiona. Jina la Nyaya alibandikwa na wahudumu kwa sababu ya mizigo ya waya anayotembea nayo begani. Analipenda, ila atajifanya kanuna.

Ijumaa ile alikuwa na kompyuta mpya arobaini za kuandaa kwenye ghorofa yetu, zote tupu, hazina mfumo ndani. Siku hizi fundi hazungukii moja moja na diski mkononi. Kompyuta tupu ukiiwasha, hupiga kelele kwenye waya: jamani, nipeni anwani, nani ana mfumo? Mashine kubwa iliyo chumba cha chini, wanayoiita seva, huitikia, ikaipa anwani, yaani namba yake kwenye mtandao, na kuimiminia mfumo mzima kupitia waya uleule. Hivyo ndivyo alivyonieleza yeye mwenyewe, na kama nimekosea, kosa ni la mwalimu.

Asubuhi kompyuta kumi na mbili zilikubali bila maneno. Ilipofika saa nne zikagoma. Kioo cheusi, mistari miwili mitatu ya maandishi meupe, basi. Na mkurugenzi alikuwa amesema ikifika saa kumi jioni zote ziwe mezani, kwani Jumatatu wateja wataanza kuhudumiwa kwa mfumo mpya.

"Mzee shikamoo, umegusa waya wowote?"

"Marahaba. Ndiyo salamu hiyo?"

"Nauliza tu."

"Huulizi, mwanangu. Unanishtaki."

Hakucheka. Hapo nikajua maji yamemfika shingoni, na nilijua sababu. Kompyuta ziligoma namna hiihii mwaka jana, msimu wa joto kama huu, na mgomo ule uliondoka na mtu. Karani wa madai, mtu mpole aliyekaa meza ya jirani na mlango wangu, alikutwa na kisanduku cha kugawa intaneti ndani ya droo. Alisema amekinunua kwa matumizi ya nyumbani, hajakichomeka hapa hata siku moja. Bi Nyaya akaandika ripoti kwamba ndicho kilichovuruga kompyuta. Karani akafukuzwa Jumatano. Alhamisi kompyuta zote zikakubali, Bi Nyaya akapewa barua ya pongezi, na akaandika waraka ulio ukutani mpaka leo: atakayechomeka kifaa chake kwenye mtandao wa kampuni, kazi hana.

Mimi nilimhurumia karani, lakini sikufungua mdomo. Nilikuwa nafikiria pensheni yangu, na sioni haja ya kujipamba.

Sasa mgomo umerudi na karani hayupo. Jambo hilo lilikuwa linamla Bi Nyaya, ingawa hakulitamka. Alibadilisha waya, akazima, akawasha, akarudisha waya wa kwanza. Alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akabeba kompyuta moja kwapani mpaka chumba cha chini: ikakubali. Ghorofa ya kwanza, ikakubali. Ya pili pia. Kupanda nayo kwetu, kioo kikawa cheusi.

"Mchawi yuko huku kwenu," akasema, jasho linamtoka.

Akakipiga picha kile kioo kwa simu, akaikuza picha, akaisoma huku akienda na kurudi kwenye korido.

"Anwani hii si yetu. Seva yangu haitoi namba kama hizi. Kuna mwingine anaitikia, tena anaiwahi seva. Anwani anayo, mfumo hana. Na kompyuta tupu inamwamini yeyote aliyetangulia kuitikia."

"Mbona za makarani zinafanya kazi?"

"Hizo niliziandikia anwani kwa mkono. Haziulizi mtu."

Basi akaanza kupekua. Meza hii, meza ile, bila hodi wala samahani. Mpiga chapa alimpandishia sauti: "Dada, droo yangu ina vitu vyangu vya kike. Nikuhesabie kimoja kimoja?" Watu wakaangua kicheko. Bi Nyaya hata hakumsikia. Mimi nilikasirika, kwa sababu niliona tunaelekea palepale pa mwaka jana, kumtafuta mtu badala ya kutafuta kosa. Nikamwambia hivyo mbele za watu. Akanitazama, kisha akaifunga ile droo polepole.

"Sawa. Simama kwenye ile kompyuta. Mimi naenda kwenye kabati la waya, nitachomoa mmoja mmoja. Kila nikichomoa, iwashe upya. Ikikubali, piga kelele."

Nikakaa pale nikiwasha na kuzima. Waya wa kwanza, hola. Wa sita, hola. Wa kumi na moja, kioo kikabadilika, mstari wa buluu ukaanza kutambaa.

"Imekubali!"

Akatokea kwenye kona ya korido, na macho yake yalikuwa kwangu, si kwa kompyuta.

"Ni waya wa stoo, mzee."

Damu ilinipanda. "Mwanangu, simu yangu ni ya vitufe na tochi. Intaneti nikaifanyie nini?"

Tuliingia stoo pamoja. Waya ulipita nyuma ya rafu ya mafaili ya zamani. Tukaisukuma ile rafu, vumbi likatupigisha chafya wote wawili. Chini kabisa, sakafuni, kulikuwa na kisanduku cheupe kilichogeuka rangi ya udongo, taa yake ya kijani ikipepesa. Umeme kilikuwa kinapata kwenye ekstensheni ileile ya feni yangu. Feni hiyo huwa naiwashia kwenye swichi ya ukutani, ndipo ekstensheni nzima ipate umeme, na naiwasha joto likizidi, kama saa nne hivi.

Juu ya kisanduku kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi. *Ya muda. Siku mbili tu.* Chini yake sahihi, na tarehe ya miaka mitano iliyopita. Sahihi ya Bi Nyaya naijua, iko kwenye kila karatasi ya stoo.

Nikakumbuka. Nilipoletewa kompyuta ya pili, tundu la waya lilikuwa moja. Akaja na kisanduku cha kwake cha nyumbani agawe waya, akingoja kifaa chenyewe kinunuliwe. Baadaye mafundi wa ujenzi wakatoboa tundu jipya karibu na mlango, kompyuta zikahamia huko, na rafu ikasogezwa hapa. Kisanduku kikabaki nyuma yake kinangoja feni iwashwe ndipo kiamke. Nikakumbuka na jambo la pili: Alhamisi ile ya mwaka jana mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sikuwasha feni.

Na yeye alikuwa ameshafika hapo.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Macho yangu mabovu. Miwani nimeiacha nyumbani."

"Miwani iko usoni kwako, mzee."

"Basi imejaa vumbi. Bandua hiyo karatasi, mwanangu. Mimi sijaona kitu."

Nilisema kwa moyo wangu wote. Ana watoto watatu, na waraka ni waraka. Alikishika kisanduku, akaweka kucha chini ya karatasi, akainyanyua kona moja. Akaenda mpaka dirishani, akarudi. Akaenda tena. Kisha akaikandamiza ile kona kwa kidole gumba mpaka ikashika.

"Twende wote kwa mkurugenzi. Nikibaki peke yangu naweza kubadili mawazo."

Mkurugenzi alikuwa na furaha, maana kompyuta zilikuwa zinaingia mfumo kwa foleni. Alipoelezwa, furaha ikapungua.

"Andika kifaa kisichojulikana, tuendelee na kazi."

"Kinajulikana, bosi. Mwandiko ni wangu."

"Ukiandika hivyo, waraka utakuhukumu wewe."

"Naujua. Niliuandika."

Mkurugenzi alijikuna kidevu, akasema Jumatatu wataonana. Bi Nyaya aliiandika ripoti palepale, amesimama, kaegemea kabati la katibu muhtasi. Tukarudi stoo. Namba ya karani ninayo, huwa ananipigia sikukuu kunijulia hali. Nikaipiga, nikampa simu. Simu yangu ina sauti kubwa, hata usipotaka utasikia.

"Mzee wangu, shikamoo! Leo umenikumbuka?"

"Si mzee. Ni mimi, fundi wa kompyuta."

"Nakusikiliza."

"Kisanduku chako hakikuwa na kosa. Kilichovuruga kompyuta kilikuwa changu, nilikiweka mwenyewe nikakisahau. Nilikuonea. Ripoti nimeiandika upya leo, iko kwa mkurugenzi." Alikuwa anazunguka kati ya rafu, anagonga mafaili kwa bega bila kujua. "Naomba unisamehe."

Upande wa pili tulisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo.

"Nilikwambia," akasema karani.

"Uliniambia."

"Nilikwambia mara tatu, dada."

"Ndiyo."

"Usikate simu. Subiri hapohapo." Tukasikia ndala, mlango, kisha sauti yake ikiwa mbali kidogo: "Njoo. Mwaka mzima nasema sikukichomeka kile kisanduku, na wewe mke wangu huniamini, njoo umsikie mwenyewe." Simu ikabadilisha mkono.

"Haloo?" sauti ya mwanamke. "Nani mwenzangu?"