Mama Alipopelekwa Kula Mkahawani

Vijana wetu wa Ibra, huku Oman, wakipata safari ya Denmark, hunipigia simu mimi. Si kwamba ni bingwa wa mapishi. Nilikwenda huko mara moja tu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na tangu hapo sijanyamaza. Wanataka kujua wapi watakula vizuri bila kumaliza pesa. Nawaambia kuleni mchana, maana mkahawa huo huo jioni hupandisha bei. Ipiteni ile mikahawa ya ukingoni mwa maji, yenye picha za vyakula mlangoni. Tafuteni mlango mdogo wa kushuka ngazi, ndani wamekaa wazee wa mji, na chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki. Semeni mapema kuwa hamli nguruwe. Kisha agizeni mkate wao mweusi, mzito, uliopangwa juu yake samaki wa kukaanga kwa siagi, kamba wadogo wadogo na kipande cha limau. Unaliwa kwa kisu na uma, msiukunje mkatutia aibu.

Mlango wa namna hiyo mimi niliujua kwa ugomvi, na hata leo namshukuru Mungu kwa ugomvi ule.

Nilimpeleka mama kumuona mdogo wake. Waliachana Unguja wakiwa wasichana. Mama akaja Oman, mama mdogo akaishia Denmark, na miaka mingi ikapita bila ya barua hata moja kufika, mpaka siku moja simu yake ikatufikia. Walipokutana uwanja wa ndege walishikana mpaka watu wakatupisha. Lakini kesho yake mchana, badala ya kupika, mama mdogo alituvalisha makoti akatupeleka mkahawani.

Kwetu mgeni hapelekwi mkahawani. Miaka ya tisini, mikahawa ya barabarani pale Ibra ilikuwa ya madereva na makapera. Mgeni wa nyumba alichinjiwa, akatandikiwa, akahimizwa kula mpaka aombe msamaha. Kumtoa nje akale kwa watu ni kumwambia kwamba nyumbani humtaki. Mama alikaa kitini na buibui lake, uso umemvimba.

"Kwani jikoni kwake hamna moto?" alininong'oneza. "Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie hata hizo mbili sikupewa! Kesho tunarudi."

Sahani zikaja. Mama akaisukuma yake kidogo, akasema, "Ahsante, nimeshiba." Sisi sote tunajua maana ya maneno hayo: nihimize. Lakini mama mdogo, miaka mingi ya ugenini imeshamtoa kwenye mambo yetu, akamfasiria mhudumu vile vile yalivyo. Binti wa watu akatabasamu, akaichukua sahani, akaenda zake. Mama aliifuata kwa macho mpaka ilipopotea mlangoni. Niliuma mtandio nisicheke. Yangu niliila, Mungu anisamehe, na ilikuwa tamu.

Nilipoinua uso, mama alikuwa analia. Mama mdogo akaweka uma chini.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Kama hunitaki nyumbani kwako, si ungenambia kwenye simu? Nimetoka Ibra kuja kulishwa na watu?"

Mama mdogo akauonyesha mlango wa jikoni. "Miye nilifika mji huu sina mtu, sina lugha. Nikapata kazi humo ndani ya kuosha vyombo. Mwenye mkahawa hakuniwacha hata siku moja nianze kazi na njaa. Nilipomfahamisha kuwa sili nguruwe, alininunulia kikaango changu peke yangu, akakitundika mbali na vyengine. Nyumbani utakula mpaka uchoke, dada yangu. Leo nilitaka umuone yeye kwanza."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya buibui. Nilimuona anaona haya, na mama yangu si mtu wa kuona haya.

Mwenye mkahawa alikuwa bibi wa nywele nyeupe, mfupi, mwekundu wa joto la jiko. Alipoitwa alitoka huku anajifuta mikono kwenye aproni. Mama akainuka. Hakungoja kujulishwa. Aliishika ile mikono yote miwili, na unyevu wake, akaibusu kama tunavyombusu mzazi.

"Mfasirie," alimwambia mdogo wake. "Mwambie nilikuwa sijui kama yu hai huyu mdogo wangu. Kila nikisali namuomba Mungu, popote alipo, amlishe. Mwambie sikujua kama dua yangu inapakuliwa hapa."

Mama mdogo alifungua kinywa afasiri, kilio kikamshika. Mama na yule bibi wakanigeukia mimi, na mimi lugha ile sikuijua hata neno moja.