Mama Aliponigeuzia Uso

Mie nina hasira za karibu, nimezirithi kwa mama mwenyewe. Basi nilipompeleka mwanangu wa kwanza kwake Temeke amwone, akampakata huku kageuza uso ukutani, nilifura. Kwetu sie watu wa pwani, ukimgeuzia mtu uso umemtukana. Nikajua bado kaninunia kwa kuolewa na mtu wa bara. Nikamwambia, "Kama humtaki mjukuu wako, sema tuondoke!" Nikamnyanyua mtoto mapajani mwake, na miezi mitatu sikukanyaga.

Shangazi ndiye aliyenifuata kwangu Ukonga. "Mama yako kajimwagia chai ya moto, haoni. Na wewe unamsusia!"

Looh, niliona haya. Ila nilijipa moyo, maana jirani wa mama alishatolewa mtoto wa jicho, sasa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Mama naye apasuliwe, yaishe. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuota kila mtaa, na moja ilikubali kumpasua bila hata kumchungulia sawasawa. Mama akagoma, akataka hospitali kubwa kwanza.

Huko daktari, mwanamke mpole, alimwamkia shikamoo, akamtia dawa ya matone, akammulika muda mrefu.

"Mama, mtoto wa jicho yupo, ila mdogo. Kinachokusumbua kiko nyuma ya jicho. Pale pa kuonea katikati pamechakaa. Nikikupasua, mwanga utaongezeka kidogo tu, katikati hapatarudi."

Mama aliuliza moja tu. "Sura ya mjukuu wangu nitaiona?"

"Ukimtazama usoni, hapana."

"Basi niacheni na macho yangu."

Nikaja juu. Nilimwambia yule daktari hajui kazi, mbona jirani kapona? Alinivumilia.

"Ya jirani ni mengine, dada. Mama yako pembeni bado anaona. Akitaka kukuona wewe, lazima atazame kando. Hujawahi kumwona akigeuza uso?"

Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa wengine, sikujali. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, na wewe ulishafoka?" Akanipapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Siku ile nilikuwa namtafuta. Sikio nilishaliona, na shavu kidogo. Ndipo ukamnyanyua."