Hatua Niliyoiona Nikaiacha

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa mwalimu kijana hapa Isiolo, nilimposa binti wa mzee mmoja mwenye malori ya kwenda Merti. Mzee huyo alikuwa na ubao wa sataranji alioachiwa na babake, askari wa zamani wa Mwingereza. Jibu lake kwa posa yangu lilikuwa fupi: "Ijumaa kuja tucheze."

Mama alinionya. Kwetu anayeposa hamshindi baba wa msichana, hata kwa mchezo, tena mbele ya watu. Nikaitikia kama mtoto.

Tulicheza barazani kwake baada ya swala, madereva wake wakitazama. Farasi wangu akamfukuza mfalme wake hadi pembeni kabisa, nyuma ya askari wake wawili, ngome yake ikiwa kwenye mstari uleule. Nikapiga hesabu. Nikimweka malkia wangu ubavuni mwa mfalme, mfalme hawezi kumla, maana farasi anamlinda. Lazima ngome imle. Lakini ikishamla, inamzibia mfalme tundu lake la mwisho. Hapo farasi anaruka, anamtishia, na mfalme hana pa kwenda. Amebanwa na watu wake mwenyewe. Nilirudia hesabu mara tatu. Haikuwa na kosa.

Nikasogeza askari wa pembeni asiye na maana. Mzee akamla farasi wangu, na haukupita muda nikashindwa.

Hakufurahi. Alizirudisha kete zilipokuwa, akamshika malkia wangu, akaicheza ile hatua mwenyewe hadi mwisho.

"Wewe uliona hii," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia macho yako. Mtu ananidanganya kwa meza yangu, nitampa msichana yangu?"

"Mzee, ilikuwa heshima."

"Heshima gani? Maliza chai uende."

Watu husema alikuwa na hekima. Hekima, wapi! Ningemshinda, angenifukuza kwa kukosa adabu, na madereva walewale wangetikisa vichwa kumuunga mkono. Nilimchukia miaka mingi, na sioni haya kusema hivyo.

Binti akachumbiwa na mwenye lori mwingine. Siku chache kabla ya nikaha tulikutana sokoni. Hata salamu hakunipa.

"Nilikuwa nyuma ya pazia siku ile," akasema. "Nilikuwa nakuombea ushinde."