Wilkista na Honi ya Draya

Wilkista Adoyo hakuwahi kumwomba radhi mtu aliyemkanyaga yeye. Naanza na hilo kwa sababu kwetu, kwenye kiwanda cha chai kule juu ya Boito, wengi wetu tulikuwa na tabia hiyo: unakanyagwa, unasema pole, unaendelea na safari. Mimi, Bosibori, nilikuwa mchuma chai na ulimi wangu haukuwa mfupi, ila mbele ya wakubwa niliukunja vizuri kama leso na kuuweka mfukoni. Wilkista hakujua kukunja kitu.

Alitoka upande wa ziwa akiwa na mumewe, Kepher. Kepher alikuwa mtu wa draya, lile sanduku kubwa la chuma ambamo majani yaliyosagwa hupita juu ya hewa moto hadi yakauke na kuwa chai. Siku moja majani yalikwama ndani yakashika moto, naye akafungua mlango ili ayavute nje. Moto ulimshika mikono yote miwili hadi juu ya viwiko. Ngozi ilipona, lakini vidole vilibaki vimejikunja, na hadi leo havishiki kikombe.

Nyumba za laini, zile safu za nyumba za kampuni, zilikuwa za wenye kazi. Asiye na mikono hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba. Ndivyo walivyoambiwa, kwa sauti ya upole kabisa. Wilkista akaenda ofisini, akaketi kwenye ngazi.

"Draya yenu imekula mikono ya bwana yangu," aliwaambia. "Sasa nipeni mimi hiyo kazi."

Walicheka. Mwanamke kwenye draya! Akarudi kesho yake na kesho kutwa, akakaa pale pale kwenye ngazi, wakubwa wakimruka kila walipoenda kunywa chai. Hakupiga kelele wala hakulia. Mwishowe meneja akachoka kumruka, akamwandika.

Wanaume wa pale ndani walimpa wiki moja. Walisema moshi wa tanuri utamrudisha sokoni kuuza samaki. Moshi ulimtoa machozi kweli, na kila alipoyafuta aliwaangalia usoni, kwa hiyo ikawa vigumu kidogo kumcheka.

Mita ya joto ililetwa mwaka wa sabini na nane. Kabla ya hapo palikuwa na kipimajoto cha mshale chenye kioo kilichojaa masizi, na watu wa draya walipenda zaidi kuweka kiganja karibu na mlango na kusema, "Bado," au, "Tosha." Hiki kipya kilikuwa sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na ndani yake nambari nyekundu zilizowaka zenyewe. Waya ulitoka kwenye sanduku ukaingia hadi ndani ya draya, na ncha yake ndiyo iliyohisi joto. Watu waliacha kazi wakaja kutazama. Fundi aliyeileta kutoka Kisumu aliichovya ile ncha kwenye sufuria ya maji yanayochemka, nambari zikasimama kwenye tisini na tatu, na wote waliosoma darasani kwamba maji huchemka kwa mia moja wakaguna kwamba kampuni imeuziwa mwongo. Fundi akacheka. Aliwaeleza kwamba huku juu milimani maji huchemka mapema, na mita inajua hivyo hata kama wao hawajui.

Wilkista alimganda fundi huyo siku nzima. Alitaka kuelewa kila kitu, na fundi, Mungu ambariki, hakumficha lolote. Nyuma ya mlango mdogo wa kioo palikuwa na safu mbili za vigurudumu vyenye tarakimu, unavizungusha kwa ukucha. Safu ya chini ni ya kikomo cha chini: waliweka themanini na tano. Joto likishuka hapo, taa ya manjano inawaka, maana yake chai itatoka na unyevu. Safu ya juu ni ya kikomo cha juu: mia na tano. Likipanda hapo, taa nyekundu inawaka na honi inalia, nayo hainyamazi hadi joto lirudi chini digrii tatu kamili, ili isiwe ya kulia na kunyamaza, kulia na kunyamaza, kama mtoto mwenye deko. Na waya ukikatika, mita haisemi sijui. Inafikiria baya kuliko yote na kupiga honi.

"Hii kitu iko na akili," Wilkista alisema. "Ikikosa habari, inaogopa."

Fundi akafunga mlango wa kioo kwa kufuli, akampa ufunguo. Sheria ya mita ilikuwa kwamba ufunguo unakaa na mwenye draya. Wilkista aliufunga kwenye uzi, akauvaa shingoni.

Sasa hapa ndipo tulipoharibikiwa. Kiwanda kilikuwa na honi moja tu, iliyokaa juu ya paa, na sisi wachuma chai tuliijua kuliko tulivyojua sauti za waume zetu. Ikilia, unaacha kuchuma, unabeba kikapu, unashuka kwenye banda la kupimia majani. Hatukuwa na saa; honi ndiyo iliyokuwa saa. Kiplangat, fundi wa umeme wa kiwanda, alipoambiwa aiunganishe mita na honi, aliiunganisha na hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo.

Asubuhi ya kwanza joto lilipopita mia na tano, mlima mzima ulishuka. Nilikuwa katikati ya mstari wangu, kikapu hata nusu hakijafika. Tulishuka tukisukumana, manyapara wakipiga kelele nyuma yetu, tukafika bandani tukakuta karani wa mizani hayupo na lango limefungwa. Tukasimama juani. Majani ukiyaacha yameshindiliwa kikapuni huanza kupata joto na kuwa mekundu, na majani mekundu hayapokelewi. Tuliyamwaga. Kazi ya asubuhi nzima, chini kwenye matope! Nililia kwa hasira, na hasira yangu ilikuwa na jina: Wilkista.

Ilitokea tena siku iliyofuata, kisha tena. Msimu ulikuwa wa mvua, majani mengi, kuni zikitupwa tanurini bila mpango, na joto lilipanda ovyo. Kila honi ilipolia Wilkista alifungua njia ya hewa baridi, akasimamisha kuni, joto likashuka. Yeye alikuwa anazuia moto. Sisi tulikuwa tunapanda na kushuka kama wendawazimu.

Msaidizi wa meneja wa kiwanda aliitwa Ogeto. Mgusii mwenzangu, nasema kwa uchungu. Alivaa viatu vinavyong'aa, na matope ya Boito aliyaona kama matusi aliyotukanwa yeye binafsi. Aliingia kwenye chumba cha draya na kumwambia Wilkista aweke kikomo cha juu kwenye mia na hamsini.

"Hiyo si kuweka kikomo, Bwana Ogeto," Wilkista alisema. "Mia na hamsini, hii draya itakuwa imeshaungua. Hiyo ni kuziba mita mdomo."

"Mama, mimi sikuja kwa discussion. Weka."

"Siweki. Mwambie Kiplangat atenganishe honi."

Kiplangat alikuwa pale, juu ya ngazi yake. "Iko njia, Bwana," alisema. "Naweza weka flasha ya lori, ile ya indiketa. Ya kupima majani italia moja, mrefu. Ya draya itakata-kata: paa, paa, paa. Hakuna shita yoyote."

Lilikuwa wazo la Wilkista, na wote wawili walikuwa wamelijadili tangu siku ya kwanza. Ogeto angelikubali, mambo yangekwisha siku ile ile. Lakini lilitoka kwa mwanamke wa draya na mtu wa ngazi, na watu wa namna hiyo hawapangi mambo ya kiwanda. Akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

"Ufunguo unakaa na mwenye draya."

Ogeto akaushika ule waya unaoingia kwenye draya. "Basi nitang'oa hii."

"Ng'oa," Wilkista alisema.

Akang'oa. Honi ililia mlima ukatetemeka, na mimi na wenzangu tukabeba vikapu tukashuka tena. Tulipofika, Ogeto alikuwa anahangaika kuurudisha waya mahali pake, jasho linamtoka. Kuvunja kioo hakuthubutu, maana mita ilikuwa ya wakubwa wa Nairobi. Basi akamgeukia Wilkista mbele yetu sote: Jumamosi ama alete ufunguo, ama atoke draya, na atoke nyumbani, yeye na mzigo wake.

Mzigo alimaanisha Kepher. Wote tulielewa.

Jioni hiyo kwenye bomba la maji la laini wanawake walimvamia Wilkista, na mimi nilikuwa wa mbele. Nilimwambia kichwa chake kigumu kinatumwagia majani. Nilimwambia atoe huo ufunguo, watoto wetu nao wanakula.

"Sitoi," alisema, akaendelea kujaza debe lake.

"Utafukuzwa!"

"Wanifukuze nikiwa nao shingoni."

Hapo Kepher akatoka nyumbani. Hakuwa mtu wa kuja bombani. Nadhani aliona haya, kwa kuwa hawezi kubeba debe. Alikuja akasimama katikati yetu, akamwambia mkewe kwa upole, "Kunja hii shati." Wilkista akamkunjia mikono ya shati, mmoja kisha wa pili, hadi mabegani. Tulikuwa tumeishi naye laini moja miaka ile yote na sikuwa nimewahi kuiona mikono ile waziwazi. Sitaieleza.

"Siku yangu hakukuwa na honi," Kepher alisema. "Ingelia, ningekimbia."

Akarudi ndani. Maji ya bomba yakamwagika tu. Nilisikia aibu, halafu aibu ikageuka hasira, na safari hii hasira ilijua njia ya kwenda. Wanaume wanne wa mlima wetu walikuwa wanafanya kazi kwenye draya ile. Mmoja alikuwa ndugu yangu.

"Dada," nilimwambia Wilkista, "kesho honi ikilia, sisi hatushuki."

"Ya draya?"

"Yoyote."

Ndivyo tulivyofanya. Kesho yake honi ililia, ndefu, saa ya kupima majani, na mlima haukutikisika. Mistari yote iliendelea kuchuma. Nyapara wetu alipiga kelele hadi sauti ikakauka.

"Honi imelia! Hamsikii?"

"Tumesikia," nilimjibu. "Hiyo ni draya."

"Ni ya kupima!"

"Tutajuaje? Jana tulishuka, mkasema ni draya. Leo tumekaa, mnasema ni ya kupima. Sisi hatukusoma honi. Aje mwenye honi atuambie kwa mdomo wake."

Trekta la kubeba majani likasubiri tupu. Honi ikalia tena, ikalia tena, hata ikaonekana kama inabembeleza. Tulipovijaza vikapu tuliketi kando yake tukatandaza majani juu ya magunia, kivulini, yasipate joto, hatukuwa wajinga. Mwishowe tukamwona Ogeto akipanda mlima kwa miguu, viatu vyake vile, akishika miti ya chai kwa mkono ili asiteleze. Aliteleza. Hakuna aliyecheka hadi alipoinuka.

"Shukeni," alisema. Alikuwa anahema. "Ni majani. Ni ya kupima."

"Na kesho, Bwana Ogeto?" nikamuuliza. "Kesho utapanda tena? Na mchana?"

Alitutazama. Mlima ulikuwa umejaa wanawake waliosimama na vikapu mgongoni, hakuna hata mmoja aliyesema pole kwa yale matope. Nadhani alihesabu ni mara ngapi honi hulia kwa siku.

"Kiplangat ataweka flasha," alisema.

"Na ufunguo?"

"Unakaa na mwenye draya," alisema, akianza kushuka.

Kiplangat aliiweka mchana huo huo. Jumamosi ikaja ikapita, Wilkista akiwa kwenye draya, ufunguo shingoni, kikomo cha juu mia na tano. Ogeto hakumsemesha mwezi mzima. Wilkista alisema huo ndio mwezi aliofanya kazi vizuri kuliko yote.

Alikaa kwenye draya ile hadi nywele zikawa nyeupe, na haikumuunguza mtu tena. Honi ndefu ikilia, tulishuka. Ile ya kukata-kata ikilia, tuliendelea kuchuma, lakini bila nyimbo wala mazungumzo, mikono ikienda na masikio yakiwa kule chini. Kutoka mstari wangu niliweza kuiona nyumba yao. Kila mara mlango ulifunguka, Kepher akatoka, akasimama uani na mikono yake kifuani, akitazama paa la kiwanda. Alisimama hivyo hadi honi iliponyamaza. Jirani yake aliniambia kwamba hapo husema neno moja tu kuhusu ule moto, "Ameushika," kisha anarudi ndani.