Zabroni Asindikiza Tanga

Mwaka esanse, petroli ya boti zetu, ilipoadimika, wanaume wa Rumonge walishinda bandarini wakitazama injini zao. Mimi nauza ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, na ndagala hawangoji mtu. Nikawaambia babu zao walifika Ujiji na kurudi bila tone la esanse, wao Minago tu inawashinda? Wakacheka. Kaka yangu Hakimu, mwenye boti kubwa ya mbao inayobeba mawese, hakucheka. Jioni alikuja nyumbani kwangu, akakaa bila hata kuomba maji.

"Tahira, ule muzee wa mahema," akasema, "si banasema kule Kigoma alikuwa anashona matanga?"

Mzee wa mahema ni Zabroni. Watu wa mji huu wamemzoea mno, na mtu ukimzoea mno humjui tena, ndiyo maana naandika habari zake.

Anashonea barazani kwangu. Ni Mkristo wa Minago aliyelelewa Ujiji, mmoja wa wakimbizi wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili waliokaa Tanzania mpaka wakapata wajukuu huko. Waliporudi, wenzake kadhaa walikuja kwa boti na kuku wao na masufuria yao, wakiimba. Yeye alipanda lori, akazunguka na barabara za vumbi. Shamba la baba yake la michikichi alilikuta lina wenyewe wapya. Hakugombana na mtu. Alipata kiwanja Gatete, mkewe Agata akapanda muhogo, naye akaja mjini na baiskeli kutafuta kazi ya mikono. Akaanza kushona mahema ya arusi na maturubai ya malori. Vijana humwita Mutanzania kwa sababu ya Kiswahili chake kilichonyooka, nami humtania kwamba siku imamu wetu akiugua tutamwazima yeye atuhutubie. Hucheka polepole, sindano mdomoni.

Ila ziwani haendi. Baraza yangu inatazama maji, na yeye huketi ameyapa mgongo. Nilidhani ni macho tu, kwamba mwanga unamuumiza. Mwenye kovu usidhani kapoa, wanasema, nami nilikuwa sijaliona hata kovu lenyewe.

Alinionyesha siku moja ya mvua, soko limevunjika na sisi wawili hatuna kazi. Alikuwa mtoto. Baba yake walikuwa wameshamuua. Mama yake alimchukua mpaka ufukweni Minago, wakaingia kwenye chombo cha jirani pamoja na watu wengine, wakaelekea kusini kutafuta Kigoma. Tanga lilikuwa la magunia ya unga, yaliyoshonwa kwa haraka na watu wanaotetemeka. Kati ya Minago na hapa kuna mahali upepo hushuka milimani ghafla. Wavuvi wote wanapajua. Pale mshono uliachia. Tanga likachanika katikati, foromali, ule mti unaobeba tanga juu, ukaanguka, ukamgonga mama yake na kumtupa majini. Bila tanga hawakuweza kugeuka. Walipiga kasia kwenda mbele, naye akitazama nyuma.

"Ndiyo nikajifunza kushona," aliniambia.

Aliyemfundisha alikuwa Bwana Abasi, Mwislamu wa Ujiji, aliyemwokota ufukweni na kumlea kama mwanawe. Huyo Abasi alizaliwa kwenye matanga. Baba yake alishona maturubai ya kivuli cha sitaha ya meli ya moshi enzi za Wajerumani, na Abasi alipenda kueleza jinsi meli ile ilipofika watu walivyosema basi, tanga limekufa. Kumbe meli ilikula kuni kupita kiasi, na kuni zilipopungua bandarini, waliotaka kusafiri walirudi kwa baba yake na marobota ya marekani, kitambaa kigumu cha pamba. Baadaye ikaja dizeli, watu wakasema tena tanga limekufa. Zabroni alinisimulia haya akiwa na turubai la lori mapajani, nami nikafikiri juu ya vitu vinavyozikwa kabla ya kufa. Watu pia huzikwa hivyo. Sisi hapa tulishawahesabu wale wa sabini na mbili kuwa wamekwenda.

Sasa, mafundi wa Ujiji walikuwa na desturi. Tanga jipya likitwekwa mara ya kwanza, aliyelishona huingia chomboni, akaketi chini yake mpaka mwisho wa safari. Waliita kulisindikiza. Mabaharia hawakuhitaji ahadi nyingine, kwa kuwa fundi mwenye wasiwasi na uzi wake angebaki nchi kavu. Zabroni alishona matanga Ujiji miaka na miaka, na hakusindikiza hata moja. Kila mara Bwana Abasi aliingia badala yake. Alisema mbele ya watu, "Mwanafunzi hasindikizi, mimi ndiye mwenye karakana," na mwanafunzi mwenyewe alikuwa ameshaota mvi. Na juu ya mama wa Zabroni, Bwana Abasi alimwambia jambo moja, akilirudia kila kijana alipoamka analia: upepo ule ulikuwa wa Mungu, hakuna mshono duniani ambao ungeuzuia.

Hakimu alipokuja na kitambaa chake, nilitegemea Zabroni akatae. Alikishika, akakivuta pembe kwa pembe, akakinusa. Kisha akaanza kazi. Nimeona mafundi wengi, lakini sikuwahi kumwona mtu akishona hivyo, uzi aliupaka nta kwanza, kila ukingo akaukunja mara mbili, akapita juu yake, akarudi tena. Wanawake wa sokoni walikuja kutazama wakajaa barazani, hata biashara yangu ikachangamka. Alikuwa na furaha yule mzee. Nasema furaha kwa kuwa niliiona.

Asubuhi ya kutweka, ufukwe ulijaa. Bidoni, yale madumu ya mawese, zilikuwa zimeshapakiwa, na mimi nilikuwa na magunia yangu ya ndagala ya kupeleka Minago. Nahodha alikuwa Leonsi, aliyefanya kazi Kigoma na kuzijua desturi za huko. Akasimama kando ya boti, akamwamkia Zabroni.

"Amahoro, muzee. Fundi anaingia wa kwanza."

Zabroni akabaki kwenye mchanga. "Tanga ni zima, nahodha. Nendeni kwa amani."

"Kama iko zima, ingia."

Hakuingia. Wapiga kasia, vijana ambao hawajawahi kuona tanga ila kwenye simu, wakatazamana. Mmoja akashuka. Wa pili akamfuata. Basi Hakimu, kaka yangu mwenye moyo mwema na mdomo mbaya, akapandwa na hasira. Hakujua kitu, mimi nilikuwa sijamwambia, kwa maana siri ya mtu si ndagala ya kutandaza juani.

"Miye nimeweka mawese ya watu hapa!" akapiga kelele mbele ya kila mtu. "Sasa wewe unaogopa mikono yako mwenyewe! Kama umeshona vibaya, sema tu, tushushe vitu!"

Nilitamani kumziba mdomo kwa gunia. Zabroni alirudi nyuma hatua moja kwenye mchanga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu tulikuwa tunamwambia akalale juu ya nyoka mwenyewe. Nikamsogelea, nikamwita kwa jina la mwanawe, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Papa Eliana, acha. Miye nitawaambia uko mugonjwa."

"Mama Aliya," akanijibu, "Bwana Abasi ameshakufa. Hakuna tena wa kunisemea." Kisha akainua sauti wote wasikie. "Hakimu, mikono yangu siiogopi. Mama yangu yumo humu ziwani. Ninaliogopa ziwa."

Hakimu akashusha macho. Alisema, "Unisamehe, baba," na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Akataka kuwaita vijana washushe mizigo, lakini Zabroni alikuwa ameshavua viatu. Akaingia majini mpaka magotini, akashika ubao wa boti, na pale akakwama, hawezi kupanda wala kurudi. Nikaingia nyuma yake na kanga yangu mpya, nikamsukuma mgongoni kama nasukuma gunia. Watu walicheka, naye akacheka, akajikuta ndani. Wale vijana wawili wakapanda bila kuitwa, Hakimu nami tukafuata.

Upepo wa kusini ulitupokea vizuri. Tanga lilijaa, boti ikanyamaza, na ndipo nilipogundua kuwa maisha yangu yote sijawahi kusikia sauti ya ziwa nikiwa juu yake, maana injini huimeza yote. Zabroni aliketi chini ya mlingoti amefumba macho, kiganja kimoja juu ya mshono wa chini. Alikuwa anasali. Niliketi karibu.

Tulipofika mahali pale, Leonsi akasema, "Mujishike." Upepo ukaporomoka kutoka milimani. Boti ililala upande, bidoni zikagongana, mtu mmoja akapiga ukelele. Foromali ilipinda. Zabroni alifumbua macho akatazama juu, nami nikatazama pamoja naye. Mishono ilivutika mpaka nikaona nafasi kati ya tundu na tundu la sindano. Ikakaa hivyo, imevutika, upepo ukipiga na kupiga. Nilishika mkono wake bila kukumbuka dini yake wala yangu.

Haikuachia. Upepo ulichoka kabla yake. Boti ikainuka, vijana wakaanza kumshangilia, Hakimu akamwita fundi, fundi, fundi, huku akipiga makofi kwenye bidoni. Leonsi akageuka kutoka usukani akamwinamia kichwa kwa heshima.

Zabroni hakuwasikia. Alikuwa bado anatazama juu, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, nami nikadhani ni ya shukrani. Nikamwambia, "Imana ishimwe, Mungu ashukuriwe, Papa Eliana. Mushono wako umeshika."

"Umeshika," alisema. "Nao ulikuwa upepo uleule, Mama Aliya. Uleule kabisa." Akapitisha kidole kwenye uzi, taratibu, kutoka huku mpaka kule. "Mwalimu wangu alinidanganya kwa kunihurumia. Kumbe tungefika na mama."