Mstari wa Pweza kwenye CV ya Shemeji

Kazi yangu ni kuwaandikia watu sifa zao. Nina kompyuta moja, printa mbili ambazo hazijawahi kuwa nzima zote kwa siku moja, na mashine ya kopi inayonguruma mpaka vikombe vinatikisika. Watu wanakuja na maisha yao kwenye karatasi ya daftari, mimi nachapa, wanaondoka na wasifu wa kuombea kazi. Huu ni mwaka wa kumi na nne, na nakuhakikishia hakuna mvivu katika mtaa huu. Wote ni wachapakazi, wote wanafanya kazi bila kusimamiwa, wote wanaongea lugha tatu kwa ufasaha. Fundi bomba mmoja alitaka niandike kwamba anapenda kusoma vitabu. Nilipomuuliza vitabu gani, akasema hayo tuyaache.

Kwa hiyo siku shemeji yangu, mume wa dada, alipoingia na karatasi yake, nilijua la kufanya. Nitaipamba kama ninavyopamba za wenzake. Sikujua kwamba tungegombana kwa ajili ya mstari mmoja.

Shemeji ni mtu mrefu, mwembamba, mchache wa maneno. Kwa miaka kumi na tisa alikaa dirisha la dawa la zahanati ya daktari mmoja, pale nyuma ya soko. Alipokea cheti, akasoma alichoandika daktari, akahesabu vidonge, akamweleza mgonjwa namna ya kumeza. Vidonge alivihesabu vitano vitano juu ya sinia dogo la bati, akivisukuma kwa kisu butu, na akimaliza alivihesabu upya. Kisha alikusomea maandishi ya pakiti, halafu akakutaka wewe umrudishie ulichosikia. Ukikosea mnaanza mwanzo. Foleni nyuma yako inaguna, yeye hana habari.

Kilichowakera watu zaidi ni suala la mwandiko. Mwandiko wa madaktari mnaujua. Kuku akipita kwenye matope anaandika vizuri zaidi. Watoa dawa wengine wakikwama hutazama umri wako, husikiliza unavyokohoa, hukisia. Shemeji akikwama hata kwa herufi moja aliweka cheti chini, akatoka, akaenda kumgongea daktari mlangoni. Daktari akiwa ameondoka, alimpigia simu. Asipopokea, mgonjwa alisubiri. Mama mmoja aliwahi kumwambia asome tu, si ana miwani? Akamjibu kwamba miwani inasoma, haikisii.

Mwaka jana yule daktari alichoka, akafunga zahanati, akahamia kwa mwanawe. Shemeji akarudi nyumbani akiwa na miaka hamsini na miwili. Alikaa miezi minane, na jiko la dada likageuka stoo ya dawa. Kopo la chumvi lilibandikwa karatasi: chumvi, imefunguliwa tarehe fulani. La pilipili liliandikwa: iwekwe mbali na watoto, ingawa watoto wao wote wameshaoa na kuolewa. Mwezi wa kwanza dada alicheka. Mwezi wa sita alikuja dukani kwangu, akaniambia huku anajifuta macho kwa kiganja kwamba mume wake anaamka kila asubuhi, ananyoa ndevu, anavaa shati la kazi, kisha anasimama sebuleni anautazama mlango.

Ndipo hospitali mpya ikatangaza nafasi ya msimamizi wa dirisha la dawa. Waombaji walikuwa wengi, na wengi wao vijana wenye shahada. Shemeji alikuwa na cheti kimoja cha zamani ambacho muhuri wake umefifia. Hii ikimpita, nani mwingine angemwajiri? Hatukulisema, lakini sote tulijua kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Nikaanza kuchapa. Elimu, sawa. Uzoefu, sawa. Mwishoni kabisa, chini ya neno "Mengineyo", alikuwa ameandika kwa herufi zake za kusimama: "Nilishiriki shindano la chemsha bongo la televisheni kwa njia ya simu. Niliulizwa swali moja. Nilijibu kwamba sijui."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, kwa sababu katika ukoo wetu hilo ndilo jambo lililomharibia jina.

Kaka yetu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi, na tangu azaliwe hajawahi kukiri kwamba kuna kitu hakijui. Mgeni akimuuliza njia, kaka ataonyesha, hata kama jina la mtaa wenyewe ndiyo kwanza analisikia. Wawili tunaowafahamu walipotea kutwa nzima kwa maelekezo yake, na mmoja wao alikuwa mkaguzi wa shule. Miaka tisa iliyopita akaingia kwenye shindano hilo, na tuseme ukweli, alijitahidi. Akafika mahali ambapo friji ni lake tayari. Swali lililofuata lilikuwa la pikapu. Akijibu sawa, anaondoka na pikapu juu ya friji. Akikosea, anaondoka mikono mitupu. Akiacha, anachukua friji lake na kwaheri.

Swali likaja: pweza ana mioyo mingapi? Mmoja, miwili, mitatu au minane? Kaka alikuwa na ruhusa ya kumpigia simu mtu mmoja kwa nusu dakika, akampigia shemeji, maana katika familia ndiye aliyekuwa karibu na mambo ya hospitali. Tulikuwa tumejazana sebuleni kwa dada. Tukasikia sauti ya shemeji ikitoka kwenye televisheni huku mwenyewe amesimama kwenye korido, simu sikioni. Alinyamaza kama sekunde kumi. Kisha akasema, "Sijui, shemeji. Chukua friji uende nyumbani."

Kaka akaitazama kamera, akatangaza kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, akapiga hesabu hadharani: mikono minane, mioyo minane. Jibu lilikuwa mitatu.

Tangu siku hiyo shemeji anaitwa Sijui. Sokoni Sijui, kinyozi Sijui, hata wagonjwa dirishani walikuwa wanauliza Sijui yupo? Kaka naye, kila akipewa maji kwa dada, hunywa nusu, huinua glasi akaitazama, akasema haya yangekuwa ya baridi haya. Na mimi nilicheka nao. Miaka tisa nilicheka, na huku namwita shemeji yangu mpenzi.

Kwa hiyo nilichapa karatasi yake yote, nikauruka mstari ule. Mahali pake nikaweka: "Ana uwezo mkubwa wa kufanya uamuzi wa haraka." Nikamkabidhi. Akaisoma kama anavyosoma pakiti ya dawa, kidole kikitembea neno kwa neno, akafika mwisho, akarudi juu, akaisoma tena.

"Shemeji," akasema, "hapa kuna mstari umepungua, na hapa kuna mmoja umezidi."

Nikamwakia. Nilimwambia CV si mahali pa kuungama, kwamba mtu anayeomba kazi ya kujua dawa hawezi kujitangaza kwa kutojua pweza. Nikampigia dada simu aje anisaidie, akaja mbio na viatu vya nyumbani, akaniunga mkono. Alimwambia mume wake kwamba huko hospitali hawamfahamu, ndiyo nafasi yake pekee ya kuanza na jina lake alilopewa na mama yake. Kwa nini abebe Sijui mpaka huko? Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba aende nyumbani kwa kuwa ameacha moto jikoni. Dada akakumbuka moto, akatoka mbio vilevile alivyoingia.

Tulipobaki wawili alivuta kiti, akakaa.

"Ile siku nilikuwa na jibu," akasema.

Nikamgeukia.

"Nilikuwa nadhani ni mitatu. Niliwahi kusikia mahali, sikumbuki wapi. Nilikuwa nadhani, shemeji. Sikuwa najua."

Nitakwambia nilichohisi: hasira. Miaka tisa anaitwa Sijui, miaka tisa kaka anatusimanga kwa glasi ya maji, na pikapu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, angejibu kwa sababu mimi nimesema. Friji lake lingesimama juu ya kudhani kwangu. Sasa pale dirishani anakuja mama, amebeba mtoto ana homa, cheti hakisomeki, na mimi nadhani nimekisoma. Nimpe?"

Nikaitazama karatasi yake mezani.

"Wale vijana wana shahada," akasema. "Mimi nina hicho. Andika."

Nikaandika, koma kwa koma, na uamuzi wa haraka nikaufuta. Akaniomba jambo moja tu, kwamba habari ya mitatu kaka asiisikie, kwa sababu atalia. Nilipofika kwenye wadhamini nikadhani tumemaliza vita. Wa kwanza alikuwa yule daktari. Wa pili alitakiwa kuwa mtu wa nje ya kazi, anayemfahamu kwa zaidi ya miaka kumi. Akanitajia kaka. Nikamuuliza kama ana homa.

"Ananifahamu," akajibu. "Na ndiye aliyepiga ile simu."

Wakamwita kwenye usaili. Alirudi saa nane mchana, akavua viatu, akamwambia dada kwamba wamemuuliza habari za pweza. Mmoja wao alicheka mpaka akavua miwani. Mfamasia mkuu, mama wa makamo, hakucheka, aliandika kitu. Dada aliposikia hivyo akaenda kulala na kichwa chake kinamgonga.

Siku ya tatu kaka alikuwa dukani kwangu, natoa kopi za mitihani yake, simu yake ikaita. Simu hiyo haisikiki mpaka aweke spika, kwa hiyo mambo yake yote tunayajua. Sauti ya mwanamke ikajitambulisha: mfamasia mkuu wa hospitali. Jina lake limewekwa kama mdhamini, ana dakika mbili? Kaka akasimama, akafunga kifungo cha shati. Nami nikazima mashine.

Yule mama akamuuliza yeye na shemeji wamefahamiana muda gani. Miaka thelathini na miwili na miezi mitatu, kaka akajibu, mwalimu ni mwalimu. Kisha akamuuliza kama huyu ni mtu wa kuaminiwa na dawa za watu. Nikashika meza. Namjua kaka yangu, nilijua friji linakuja.

"Mama," kaka akasema, "huyo mtu niliwahi kumpigia simu mbele ya watu wengi, nikitaka aniambie ninachopenda kusikia. Hakuniambia. Nimemsema kwa hilo miaka tisa." Akakohoa. "Lakini mimi nina presha. Nikinunua vidonge vyangu, simezi mpaka nimpelekee pakiti aisome. Kila mwezi nakwenda. Hata dada zangu hawajui."

Nilikuwa hapo hapo, dada yake, nikisikia. Kumbe zile safari za mwisho wa mwezi, zile tulizodhani ni za kwenda kuchokoza maji ya baridi, zilikuwa na pakiti mfukoni.

Yule mama akasema anaandika. Halafu akauliza la mwisho. Dawa zao zote zinaingizwa kwenye kompyuta. Je, ataiweza?

Hapo nilianza kumpungia kaka mikono kama mwendawazimu. Sema ndiyo. Nilitikisa kichwa cha ndiyo mpaka shingo ikauma. Mtu aliyemwelekeza mkaguzi njia asiyoijua, swali la kompyuta lingemshinda nini? Kaka akanitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona kabisa anavyohangaika, jasho limemtoka puani.

"Hilo sijui, mama," akasema. "Muulizeni mwenyewe. Akiwaambia anaweza, anaweza."

Simu ilipokatika alikaa chini, akaniomba maji. Nilimpa ya chupa yangu, ya vuguvugu, iliyoshinda juani dirishani. Akayanywa yote bila kuitazama chupa. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake kama amemharibia shemeji. Nikamwambia sijui, kaka, na nikamwekea mkono begani, kwa sababu kwa kweli sikujua.

Siku kumi na moja hatukulala vizuri. Ya kumi na mbili barua ikaja, na wote tulikuwa kwa dada, kaka akiwa kwenye kiti chake cha siku zote. Shemeji hakutaka kuifungua mwenyewe, akampa mke wake. Dada akasoma kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na sehemu inayosema atapelekwa kwanza mafunzo ya kompyuta ya wiki mbili, kwa kuwa mwenyewe aliwaeleza kwamba haijui.

Shemeji alikuwa bado amesimama karibu na mlango, amenyoa, amevaa shati lake la kazi.

"Sasa nirudishie ulichosoma," akamwambia.

Dada akamrudishia. Alikosea tarehe ya kuanza, wakaanza mwanzo. Mara ya pili akapatia yote, na hapo ndipo shemeji akakaa.